Kimya cha Mwalimu wa Marubani

Mara ya kwanza kuwaona nilidhani wamerogwa. Wanaume wawili wazima, mmoja mume wangu na mwingine mzee mwenye mvi, wamekaa uani kwangu juu ya vigoda vyangu vya jikoni, bega kwa bega, wameuelekea ukuta wa jirani. Mume wangu ameinamia sinia alilolipakata mapajani na hanyanyui kichwa. Mzee anaukodolea macho ukuta. Mume wangu anasema, "Mia tano." Kimya. "Mia nne." Kimya. "Mia tatu. Kimo." Mzee hatii neno. Basi mume wangu anavuta hewani kitu ambacho hakipo, anasema, "Naondoka," na wote wawili wanashusha pumzi. Halafu wanaanza upya.

Nilikuwa nimetoka Kibaigwa kwenye soko la mahindi, nina vumbi mpaka kwenye kope, nataka kigoda changu nikae nioshe miguu.

"Baba Zaina, mnafanya nini?"

Akanijibu bila kunyanyua kichwa, "Tunatua."

Mzee ndiye aliyegeuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia kuanzia kilemba mpaka viatu, akauliza, "Kibaigwa mvua imenyesha?" Nikamwambia imenyesha. Hakusema ahsante wala nini. Alitoka mpaka barabarani, akamwuliza utingo wa lori lililonileta swali lile lile, ndipo akarudi kukaa. Tangu siku hiyo tukawa tumeshajuana, mimi na yeye. Kila mmoja alimwona mwenzake si mtu wa kumwachia mlango wazi.

Tulimwita Mwalimu. Hakuwa mwalimu wa chaki. Alikuwa rubani, na amefundisha marubani wengine kwa miaka mingi kwenye ndege za umma. Mashirika ya umma yalipoanza kupunguza watu, na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kuanzisha lake, kampuni moja ya watu binafsi ikamchukua. Walikuwa na ndege ya pangaboi, injini mbili, inabeba abiria kama basi zima. Ililala Dodoma, asubuhi inakwenda Dar es Salaam, mchana inarudi. Mwalimu alikuwa rubani mkuu, mume wangu msaidizi wake. Na ni Mwalimu huyo huyo ambaye siku moja angesema, "Kijana yuko tayari," mume wangu naye awe rubani mkuu, au asiseme, abaki msaidizi mpaka azeeke. Kwa hiyo mume wangu alikuwa mikononi mwake mara mbili, angani kila siku na ardhini kwa neno lake. Mtu wa namna hiyo ukimwamini bila kumchunguza, wewe ndiye mjinga.

Kuchunguza ndiyo kazi yangu. Kibaigwa hununui gunia kwa kuangalia mdomo wake. Dalali anaweka mahindi meupe juu, yanang'aa kama meno ya mtoto, na chini kuna pumba, mawe na wadudu. Kwa hiyo unachukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, unalichoma gunia ubavuni, unavuta, unaona yaliyomo. Dalali atakuapia kwa mama yake. Mwache aape, wewe choma. Sisi Warangi tunasemwa kuwa wagumu kwenye biashara, na mimi sikuwahi kukanusha.

Sasa Mwalimu nilimchoma wapi? Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Ukimwuliza kwao wapi, anakuambia, "Nimetoka Dar asubuhi." Ukimwuliza mke, anasema, "Yupo," na hujui yupo wapi. Alipanga nyumba ya nyuma yetu hapo Area D, mtaani kwetu Dodoma, vyumba vitatu, akaishi kimoja. Kutwa anashuku watu, lakini mlango wake haukuwahi kuwa na kufuli. Nikamwuliza, "Mwalimu, huogopi wezi?" Akasema mwizi anajua anachokifuata, wa kuogopa ni yule asiyejua. Nilirudi nyumbani nikilitafuna jibu hilo na sikupata utamu wake.

Nikimsema kwa kushuku, msidhani namsingizia. Ule wakati maduka yalijaa vitu ghafla. Tulizoea kupanga foleni ya sabuni, mara tukaamka tukakuta siagi za makopo, biskuti za kila rangi, redio, tochi, viatu vya mitumba. Watu wote walifurahi. Mwalimu aliingia dukani kama polisi. Tochi alijaribu zote zilizo kwenye boksi, na mwisho akanunua ile ya kwanza. Kopo la siagi alilipindua kutafuta tarehe, akiikuta anauliza nani ameiandika. Muuza maziwa alishamsusa, maana Mwalimu alitaka mtu mwingine ayaonje mbele yake. Si yeye mwenyewe, mtu mwingine. "Mimi nina hamu ya chai," alisema, "ulimi wangu leo si wa kuaminika."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake kubwa. Mwenye hamu asiwe shahidi. Alilisema kwenye chai, kwenye ndoa za watu, kwenye mpira, kwenye siasa. Vyama vingi vilipokuja na kila mtu akawa na kofia yake, yeye aliwaambia vijana wa mtaani, "Usimwulize mwenye kofia mkutano ulijaa au haukujaa."

Kuna siku ililetwa habari mtaani kwamba jirani yetu mmoja, fundi cherehani, amefariki Kondoa. Wanawake tukafunga kanga viunoni, tukaanza kulia. Mwalimu akamwuliza aliyeleta habari, "Umemwona?" Hakumwona, ameambiwa. "Aliyekuambia alimwona?" Hakujua. Mwalimu akarudi ndani kusikiliza redio, na watu wakamlaani kwa ukavu wa moyo. Siku ya tatu fundi cherehani akashuka kwenye basi, mzima, na kuku mkononi. Tulicheka mpaka machozi yale tuliyoyaanza yakapata kazi. Mwalimu akawa shujaa. Lakini mwaka uliofuata akafa kweli mzee wa nyumba ya pembeni, aliyekuwa akicheza naye bao kila Jumapili. Mwalimu akauliza yale yale, umemwona, nani alimwona, na alipomaliza kuuliza maiti ilikuwa imeshazikwa. Familia haikumsamehe. Alikwenda peke yake kaburini na kofia mkononi, nikamwona kwa mbali, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia kidogo. Kidogo tu. Kwenye bao alikuwa mwizi wa kete, hata marehemu alijua.

Siku moja niliwaandalia ugali wa uwele na mlenda, nikaamua niulize hasa vile vigoda ni vya nini. Mume wangu alitaka kunijibu. Mwalimu akamzuia kwa mkono, akanigeukia.

"Mama Zaina, wingu likiwa chini, uwanja hauonekani mpaka uwe karibu kabisa na ardhi. Kila uwanja una kimo chake. Ukifika hapo kwenye kimo, kama uwanja hauonekani, huna ruhusa ya kushuka hata kidogo. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Sasa nani aseme unaonekana? Anayeendesha? Anayeendesha anataka kutua. Ana njaa, ana mke anamsubiri, nyuma yake kuna wakubwa wanachelewa mkutano. Ataona tu. Jicho la mwenye hamu litamchorea uwanja. Kwa hiyo anayeendesha, yaani huyu bwana wako, haangalii nje kabisa. Anasoma mishale ya vipimo vyake. Mimi nisiyeendesha ndiye ninayetazama nje. Nikiuona nasema, 'Naona, nachukua,' nashika usukani, naishusha kwa mikono yangu. Yeye anabaki palepale kwenye mishale yake mpaka magurudumu yaguse."

"Na usipouona unasema huoni."

"Sisemi kitu."

"Kwa nini?"

"Kutua ndiko kunakotaka neno. Kuondoka hakutaki neno. Kama mnangoja neno ndipo muondoke, siku neno lisipokuja mtaondokaje? Akifika kimo na mimi nimenyamaza, anapandisha ndege. Haniulizi, hanitazami. Ugomvi tutaufanya chini."

"Na akichungulia nje kidogo tu, ajionee?"

Hapo aliweka tonge chini. "Kuchungulia ndiko kunakoua watu. Wingu linatoboka, anaona kipande cha lami, moyo unaruka. Kumbe ni barabara ya Singida. Akirudisha macho ndani, mishale imeshahama, na kilima kimesogea."

Nikaelewa. Nikaelewa pia kwa nini mume wangu alikaza shingo kwenye sinia uani kwangu. Lakini kuelewa sheria si kumwamini anayeifundisha. Dalali naye anazijua sheria zote za mizani.

Kifuku kilipoanza, yaani msimu wetu wa mvua, mawingu yakakaa juu ya vilima vya Dodoma kama blanketi bovu, na Mwalimu akaanza kunyamaza.

Mara ya kwanza hakuna aliyeshangaa. Walifika kimo, kimya, mume wangu akapandisha, wakarudi Dar es Salaam. Mara ya pili abiria walinung'unika. Mara ya tatu mume wangu alirudi nyumbani hasemi. Nikampa chai, nikampa maji ya kuoga, nikakaa mbele yake.

"Sema."

"Hakuna kitu."

"Baba Zaina, mimi nanunua mahindi. Sema."

Akasema taratibu, anatazama mlangoni. "Leo nilichungulia. Alinyamaza, nami nikainua macho kabla ya kupandisha. Uwanja ulikuwa wazi, mbele yetu, wote. Hata mtu mwenye mtoto wa jicho angeuona. Na yeye anautazama, amenyamaza."

"Ukafanyaje?"

"Nikapandisha. Nilichelewa kidogo, lakini nikapandisha. Chini akaniambia, 'Ulichungulia.' Basi. Hakueleza kwa nini alinyamaza."

Usiku huo sikulala vizuri, nasema kweli. Nilikuwa na mambo matatu ya kushuku na yote yalinoga. La kwanza, mzee haoni tena, anaficha. La pili, mzee amekuwa mwoga, ameuona uwanja na roho imemruka. La tatu, ambalo mtaani walilipenda, mzee anaharibu makusudi ili abiria wahamie kwa kampuni nyingine iliyokuwa inaanza safari. Mimi nikaongeza la nne langu mwenyewe, kwamba anambania mume wangu. Kijana akiwa rubani mkuu, babu wa nini? Atamfundisha vigoda mpaka kiama.

Nikaanza na macho, maana ndiyo yanapimika. Nikaanika kanga mwisho kabisa wa ua, kule kwenye uzio wa michongoma, nikamwalika Mwalimu chai barazani.

"Mwalimu, hebu nisomee ile kanga. Miwani yangu nimeisahau Kibaigwa."

Hakuwahi kuniona na miwani. Alinywa funda moja, akatazama.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasoma. "Nyekundu kwa nyeusi. Pindo la kulia limeungua pasi. Umemaliza kunipima, mama Zaina?"

Niliona haya, ila haya yangu haikai sana. "Nimemaliza. Sasa kama macho unayo, kule juu unanyamaza nini?"

Akafungua mdomo. Nilimwona ameshika jibu, liko pale kwenye midomo. Halikutoka. Alibaki ananitazama, na kikombe kikaanza kulala mkononi, chai ikamwagika juu ya suruali yake, ya moto kabisa, na hakushtuka. Mimi nikanyamaza nimwone atafika wapi na maigizo yake. Kisha akapepesa macho.

"Naam? Ulisemaje?"

"Umejiunguza, Mwalimu."

Akatazama suruali kama ya mtu mwingine. Akanyanyuka, akaaga, akaenda kwake. Nikamwambia mume wangu jioni, "Mwoga. Nimembana akaangusha chai." Nikajisifu kabisa.

Baada ya hapo vigoda vikazidi. Zamani walifanya mara moja moja, sasa kila jioni waliporudi, mvua isiponyesha. Na Mwalimu alizidi kuwa mbaya. Mume wangu akifika kimo, mzee anaanza vituko: anakohoa, anaangusha ufunguo, siku nyingine alisema ghafla, "Kijana, tazama nje, ng'ombe!" Mume wangu akainua kichwa, akachapwa kofi la begani. "Umekufa," Mwalimu akasema. "Na abiria wako. Na ng'ombe." Zaina wetu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, najiuliza huyu mzee anamfundisha mume wangu kitu gani ambacho hataki kukitaja.

Halafu ikafika siku ya lori.

Nilitoka Kibaigwa mchana na lori la mahindi, wingu limeinama mpaka kwenye paa za nyumba, manyunyu hayakatiki. Kwa kuwa uwanja wa ndege uko mjini hapo hapo, nikamwambia dereva anishushe karibu na uzio, nimsubiri mume wangu turudi wote. Kulikuwa na madereva wa magari ya wakubwa wanavuta sigara chini ya mwavuli mmoja. Tukasikia ndege. Hatukuiona, tuliisikia inakuja, inashuka, inazidi kuwa kubwa masikioni. Mara wingu likapasuka kidogo upande wa pili, na mimi nikaiona, tumbo jeupe na magurudumu yametoka, imelenga uwanja vizuri kabisa. Nikasema, "Alhamdulillahi."

Injini zikanguruma. Ndege ikainua pua, ikaingia tena winguni, sauti ikapotea upande wa mashariki.

"Kaogopa tena yule babu," dereva mmoja akasema, akatupa sigara. Wenzake wakacheka. Nami niliwaka hasira nikasema kwa sauti kwamba leo nitakwenda mlangoni kwake na mwiko, kama kazi ya mume wangu ni ya kuisha, na iishe.

Mume wangu alirudi kesho yake jioni, kwa basi. Aliingia, akakaa kwenye kigoda, si kwenye kiti. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Mwalimu yuko hospitali Dar," akasema. "Mshipa wa kichwani."

Nikamvulia viatu mwenyewe, kitu ambacho sijafanya tangu tuoane, na akanisimulia. Walishuka wanaita vimo kama kawaida. Alipofika kimo, kimya. "Nilitaka kuchungulia, mama Zaina. Shingo iliniuma kwa kutaka. Nikajua anafanya vituko vyake, atanipiga kofi. Nikapandisha." Baada ya kupanda akasema, "Mwalimu, tunarudi Dar." Kimya. Akarudia. Kimya. Ndipo akageuka, akamkuta mzee macho wazi, amelegea, mkono mmoja umelala juu ya usukani unaanza kuusukuma. Mhudumu wa abiria akaja akamvuta nyuma, akamfunga kwenye kiti kwa mtandio wake. Dar kulikuwa kweupe. Mume wangu akatua peke yake, na abiria wakashuka wananung'unika kwamba wameletwa tena kule kule walikotoka.

"Uwanja ulikuwa wazi," nikamwambia. "Nilikuwa uzioni. Niliwaona."

"Wazi?"

"Kwa muda mdogo. Mlielekea vizuri."

"Ningechungulia ningeuona," akasema. "Ningejaribu kuishusha mwenyewe kwa mikono, na mkono wake uko kwenye usukani, na mimi sijui." Hakumaliza. Nilimshika kichwa nikakiweka tumboni kwangu, tukakaa hivyo mpaka Zaina akaja kuuliza kama kuna chakula.

Kampuni ilimsifu mume wangu, na haukupita muda akawa rubani mkuu. Watu wakaja kupongeza. Lakini mimi moyo wangu haukutulia, maana hesabu ilianza kujipanga yenyewe. Kikombe cha chai. "Naam? Ulisemaje?" Uwanja ulio wazi na mzee anautazama. Ule ugonjwa haukuanza siku ya lori. Nikamwambia mume wangu, "Alijua." Akanikatiza, akasema nisimseme Mwalimu ndani ya nyumba yake. Hatukusemeshana siku nzima, na sisi si watu wa kununiana. Nikaliweka swali langu, nikalifunga kama gunia, lakini gunia lilikuwa linanuka.

Alipotoka hospitali hakurudi Area D. Nyumba yake ilikaa wazi vile vile mpaka mwenye nyumba akaweka mpangaji mwingine. Tukasikia yuko Kongwa, kwa binti wa dada yake aliyekuwa akifundisha shule huko. Kutoka Kibaigwa si mbali. Hata hivyo nilipitisha misimu miwili ya mahindi kabla sijakwenda. Nilikuwa nasubiri hasira ipungue, na haikupungua, basi nikaenda nayo.

Nilimkuta uani kwenye nyumba moja ya bati kuukuu, zile zilizobaki tangu mzungu alipojaribu kulima karanga. Amekaa juani kwenye kiti cha kamba, upande mmoja wa uso umeteremka, mkono wa kulia umelala mapajani kama umeazimwa. Mbele yake kulikuwa na kigoda kimoja kitupu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Ilichukua muda. "Mara...haba." Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. "Kibaigwa. Mvua?"

"Imenyesha."

Akageuka kumtafuta mtu wa kumwuliza tena. Hakukuwa na mtu. Akacheka kwa ule upande uliobaki, na mimi nikacheka, kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Nilimpa mlenda mkavu niliomletea, nikasimama mbele yake. Sikukaa. Nilimwambia baba Zaina sasa ndiye rubani mkuu, ana msaidizi wake, na jioni anamketisha kwenye vigoda vyangu. Akafumba macho kwa furaha. Nikamwacha afurahi, halafu nikachukua bambo langu nikachoma.

"Ulijua, Mwalimu."

Akafumbua macho.

"Siku ya kanga ulijua. Zile siku uwanja ulipokuwa wazi. Hukuwa umenyamaza kwa sheria. Sauti haikutoka."

"Ni...liuona," akasema. "Uwanja. Naona. Mdomo..." Akaugusa mdomo wake kwa mkono wa kushoto, akatikisa kichwa.

"Na daktari?"

"Anapima macho. Moyo." Akavuta pumzi. "Hapimi hili."

"Watu wote wale nyuma yako. Wakubwa, wadogo, akina mama na watoto. Na mume wangu ubavuni mwako. Unajua, na unapanda kila asubuhi!" Nilipiga kelele, mpaka binti wa dada yake akachungulia dirishani. "Wewe uliyemfanya muuza maziwa mwizi! Kwa nini hukumwambia baba Zaina hata yeye peke yake?"

Alikusanya maneno moja moja, namwona anayaokota. "Ningemwambia. Ange...nitazama mimi. Kila mara. Asitazame mishale." Akapumzika. "Ndiyo maana... vigoda."

Jibu lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Alikuwa amemwandalia mume wangu siku ya kimya chake, jioni baada ya jioni, kwa kukohoa na ufunguo na ng'ombe, na mume wangu yu hai kwa sababu hiyo, na abiria wote wale wako makwao. Lakini mahindi ya juu ya gunia na yenyewe ni mahindi ya kweli.

"Hiyo ni nusu," nikamwambia. "Nusu nyingine?"

Alitazama mkono wake uliolala. "Ningekaa chini... nifanye nini?"

"Mwenye hamu asiwe shahidi, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yakamtoka jicho moja, lile la upande mzima, hakuyafuta. Nilikuwa nimetoka Kibaigwa nikiwa na maneno mengi, na nilipoyatafuta niliona yamebaki machache. Nikamwuliza lile la mwisho, lile lililoninyima raha misimu miwili.

"Ungetuambia lini? Kama siku ile isingefika, ungeshuka lini kwenye kile kiti?"

Akafungua mdomo. Nikaliona jibu limefika pale pale lilipofika siku ya chai. Nikasubiri. Kuku wakapita kati yetu. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama, na sikujua kama ni ugonjwa, au ni ukaidi, au ni kwamba jibu lenyewe halikuwapo. Nikaendelea kusubiri, na hakutia neno.

Sheria yake naijua, niliisikia uani kwangu mpaka nikaihifadhi. Mwenzako akinyamaza humwulizi, humtazami, unaondoka, na ugomvi mtaufanya chini.

Lakini tulikuwa chini tayari, na mimi si rubani. Nikavuta kile kigoda, nikakiweka ubavuni mwake, bega kwa bega, nikakaa.